Albamu Zilizosifiwa Kupita Kiasi, na Sanduku la Santuri la Khocha

Mvua ya jioni hapa Kitale imetufungia ndani na umeme umepotea mara mbili tangu nianze kuandika. Najua niliwaahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata. Tutayagusa, lakini leo tutaingilia mlango wa nyuma. Leo nataka tugombane kuhusu muziki.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye duka la mulamwa wangu, yaani shemeji, karibu na steji ya matatu. Shemeji anatengeneza simu, anauza chaja na vifuniko, na kwa shilingi chache anakujazia nyimbo kwenye memori kadi au flashi. Kazi hiyo ya nyimbo inapungua kwa sababu vijana wengi wanasikiliza moja kwa moja mtandaoni. Lakini wenye matatu bado wanakuja, wenye bodaboda waliofunga redio wanakuja, na wazee wanaotoka mashambani wanakuja na redio ndogo zenye tundu la flashi.

Jumamosi hiyo kijana mmoja alikuwa anasubiri simu yake ibadilishwe kioo. Akauliza swali moja tu: "Ni albamu gani inayosifiwa na kila mtu lakini haistahili?"

Ebo! Duka likawaka moto.

Mmoja akataja Nimefika ya E-Sir. Nilidhani atapigwa. Mwingine akasema Midnight Train ya Sauti Sol. Shemeji, ambaye hupenda kuonekana msomi mbele ya wateja, akaleta Abana ba Nasery na albamu yao iliyorekodiwa London. Mimi, kwa kiburi cha mtu anayeshinda kwenye mtandao, nikawatupia Beatles. Tulibishana hadi simu ya yule kijana ikapona, akalipa, akaondoka, sisi bado tunabishana.

Acha niwape kura zangu kwanza, mnitukane kabisa, halafu niwaambie ni kwa nini wiki moja baadaye niliona kwamba sote tulikuwa tunauliza swali bovu.

KURA YA KWANZA: NIMEFIKA

E-Sir, jina lake halisi Issah Mmari, alifariki tarehe 16 Machi 2003 kwa ajali ya barabarani akitoka Nakuru. Alikuwa na umri wa miaka 21. Nimefika ndiyo albamu yake pekee. Kwa hiyo kila mapenzi tuliyokuwa nayo kwake, na kila huzuni, tuliyamwaga juu ya albamu hiyo moja. Ikabeba mzigo wa albamu zote ambazo hakuwahi kuzifanya.

Nampenda E-Sir. Kiswahili chake kilinifundisha kwamba sheng inaweza kupangwa kama msimbo safi, kila silabi mahali pake. Lakini mtazame mtu anayeitetea Nimefika. Atakuambia Boomba Train. Atakuambia Leo ni Leo. Atakuambia Moss Moss. Anataja nyimbo. Hakuna hata mmoja dukani aliyeweza kunitajia ni wimbo gani unafuata upi, na tulikuwa watu saba. Shikilieni jambo hilo, tutalirudia.

KURA YA PILI: MIDNIGHT TRAIN

Sauti Sol walitoa Mwanzo mwaka 2008. Magitaa, sauti, na vijana wenye njaa. Ukiisikiliza leo unasikia watu ambao hawajui kama kesho watakula kwa muziki huu. Mwaka 2020 wakatoa Midnight Train chini ya Universal Music Africa. Kila kitu kimeoshwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri. Wakenya tukaisifu kana kwamba tumeshinda Kombe la Dunia, na nadhani tulikuwa tunasifu jina la kampuni kubwa lililoandikwa pembeni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu Bungoma tunakunywa busaa, lakini kanuni ni ile ile.

KURA YA TATU: ABANA BA NASERY

Hapa nakubaliana na shemeji, ingawa sikumwambia. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola walitoka Bunyore. Magitaa mawili, sauti tatu, na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma kwenye mistari yake ndiyo ikawa ngoma. Walirekodi santuri ndogo kwa miaka mingi. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya rekodi zao za zamani ikazitoa kwa pamoja. Wazungu wakashangaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaitwa London kurekodi upya, wakaletewa wageni, wakiwemo watu wa bendi ya Oyster Band. Albamu ikaitwa Nursery Boys Go Ahead!

Ni nzuri, sibishi. Lakini rekodi za zamani zina nafasi katikati ya gitaa na gitaa, unasikia chupa inavyopumua. Ya London imejaza watu sebuleni. Hata hivyo nilipokuwa nikisoma habari zao kwa Kiingereza, safari ile ya London niliikuta imeelezwa kuliko santuri zenyewe zilizowafanya waitwe.

KURA YA NNE: ORODHA ZENYEWE

Jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 500 bora mwaka 2003. Namba moja ilikuwa Sgt. Pepper's ya Beatles, iliyotoka mwaka 1967. Mwaka 2020 jarida hilo hilo likapiga kura upya. Namba moja ikawa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Sgt. Pepper's ikaporomoka hadi namba 24.

Sasa sisi waandishi wa programu tufikiri. Je, kuna noti hata moja iliyobadilika ndani ya Sgt. Pepper's kati ya 2003 na 2020? Hakuna. Umeingiza data ile ile, umepata jibu tofauti. Ukiona hivyo kwenye msimbo wako unajua kuna kigezo kimefichwa mahali. Hapa kigezo kilichofichwa ni wapiga kura. Waliobadilika ni wao.

Basi nikarudi nyumbani nikijiona mjanja sana. Swali limekwisha: sifa hutoka kwa msifuji. Laiti ningeishia hapo, makala haya yangekuwa mafupi :-)

KHOCHA ANAULIZA SWALI

Wiki iliyofuata nilipanda matatu kwenda Chwele, upande wa Bungoma, kumwona khocha. Wasio Wabukusu wajue kwamba khocha ni mjomba, ndugu wa mama, na maneno yake huyarukii. Njia ni ya Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, halafu Chwele. Dereva alikuwa na flashi aliyojaziwa na shemeji yangu. Ikapiga Mukangala ya Jacob Luseno, ikafuata rumba ya Franco, ikafuata injili, ikafuata benga, ikarudi Luseno. Abiria wote waliimba Mukangala. Mama mmoja aliyebeba kuku aliimba kuliko Luseno mwenyewe.

Nilikuwa nimebeba kicheza santuri kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Khocha ana sanduku la mbao lenye santuri ndogo za inchi 7, zile za mizunguko 45 kwa dakika, alizonunua ujanani kwa mshahara wa shamba la mahindi huku Kitale. Mende na unyevu vimeanza kazi yao. Niliona tuzihifadhi kabla hazijaisha.

Tulipokuwa tunazipangusa kwa kitambaa, nikamsimulia ugomvi wa dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Mpwa wangu, hiyo albamu ni nini hasa?"

Nikaanza kumweleza. Ni nyimbo kumi au kumi na mbili za msanii mmoja, zimepangwa pamoja, zina jalada moja...

"Na nani anazinunua zote kumi?"

Nikanyamaza.

"Sisi tulinunua wimbo," akasema. "Unasikia wimbo kwenye redio ya Voice of Kenya au kwenye baa, unaupenda, unangoja mwisho wa mwezi, unanunua. Upande wa pili ulikuwa nyongeza, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja. Wakati mwingine nyongeza ilishinda ulichonunua."

Hapo ndipo niliposhtuka. Nimekuwa nikishiriki mabishano haya kwa miaka, na kumbe kipimo chenyewe ni cha kuazima.

ALBAMU ILITOKA WAPI

Jina lenyewe linasema. Mnajua albamu ya picha: kitabu chenye mifuko. Zamani za santuri za mizunguko 78, kila upande ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo muziki mrefu uliuzwa kama santuri kadhaa ndani ya kitabu chenye mifuko. Kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikaleta santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, inayobeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Kitabu kikawa santuri moja, jina likabaki. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaleta ile ndogo ya mizunguko 45.

Huko Ulaya na Marekani, ile kubwa ndiyo iliyokuja kupewa heshima ya kazi ya sanaa. Huku kwetu, ile ndogo ndiyo iliyofika Kitale na Bungoma. Ilikuwa rahisi mfukoni na ilitosha. Lunch Time ya Gabriel Omolo ilivuma Afrika Mashariki miaka ya 1970 ikiwa santuri ndogo. Helule Helule ya Daudi Kabaka ilivuka bahari bila albamu yoyote kuibeba. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes iliurudia wimbo huo ukaingia kwenye chati za huko. Benga na rumba ndefu zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Unacheza, wimbo unakatika pale gitaa linapoanza kupamba moto, mtu anakimbia kuigeuza santuri, mnaendelea. Khocha anasema uhodari wa kijana kwenye sherehe ulipimwa kwa kasi ya kugeuza santuri.

Ikaja kanda, na kanda nyingi zilizouzwa sokoni zilikuwa mchanganyiko. Zikaja CD za kunakili, mchanganyiko. Ikaja flashi, mchanganyiko. Na hivi leo mtu wa Bungoma anayelipia mwito wa simu wa Skiza analipia kipande cha wimbo. Kutoka santuri ya khocha hadi flashi ya dereva wa matatu, sisi ni watu wa wimbo.

Sasa mtu akija na orodha ya albamu bora za Kenya, unaona tatizo? Anauliza hifadhidata swali kwa kutumia ufunguo mkuu ambao jedwali letu halina. Jibu litakalorudi litakuwa lile dogo tu lililobahatika kuwa na ufunguo huo: albamu za juzi zilizotolewa kwa utaratibu wa kampuni, na mikusanyiko iliyopangwa London. Hizo zitasifiwa na kusifiwa tena. Siyo kwa sababu wasanii wake ni waongo. Ni kwa sababu hao ndio wanaoonekana na mashine ya kusifu.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo maana halisi ya albamu kusifiwa kupita kiasi huku kwetu. Inapokea sifa yake, pamoja na sifa za nyimbo mia ambazo hazikuwahi kupewa jalada.

BAITI 128

Kwa wale wanaopenda mambo ya ndani, hebu tufungue faili ya MP3 tuone. Mwaka 1996 ulibuniwa mfumo wa kuweka maelezo mwishoni mwa faili ya wimbo. Unaitwa ID3. Toleo la kwanza lilikuwa na baiti 128 tu, na zilipangwa hivi:

- baiti 3 za neno TAG
- baiti 30 za jina la wimbo
- baiti 30 za msanii
- baiti 30 za albamu
- baiti 4 za mwaka
- baiti 30 za maoni
- baiti 1 ya aina ya muziki

Hesabuni, zinatimia 128. Albamu ilipewa nafasi sawa na msanii. Mtunzi hakupewa hata baiti moja. Mpiga gitaa, hakuna. Mji, hakuna. Lugha, hakuna.

Ile baiti moja ya aina ya muziki ndiyo inayonichekesha na kuniudhi. Ilikuwa namba tu, na namba ilitafutwa kwenye orodha ya aina 80, kuanzia 0 hadi 79. Blues ipo. Polka ipo, namba 75. Benga haipo. Rumba ya Kongo haipo. Omutibo, gitaa la kwetu Magharibi, haipo. Kilicho karibu zaidi ni namba 48, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema "muziki wa kikabila". Toleo la pili la mfumo, la mwaka 1998, lilimruhusu mtu aandike aina yoyote anayotaka. Lakini mazoea yalikwisha kaa.

Fungua sasa kompyuta ya shemeji. Folda ya nyimbo za Kiluhya. Sehemu ya albamu, kwenye faili nyingi, ni tupu. Au imeandikwa "Unknown". Au imeandikwa jina la dijei aliyenakili, au namba ya simu ya duka jingine lililonakili kabla yake. Sukuma bin Ongaro nimemkuta ameandikwa kwa tahajia tatu tofauti ndani ya folda moja, na kompyuta inaamini hao ni watu watatu.

Na kuna nyimbo ambazo hata sehemu ya msanii haiwezi kujazwa. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, Bungoma nzima na sehemu kubwa ya Trans Nzoia husikia Sioyaye, wimbo wa kuwatoa vijana mtoni alfajiri ya kutahiriwa. Ukiwapa watu wa huku kura ya siri wataje wimbo mmoja uliowatikisa maishani, sidhani kama Beatles watapata kura ya pili. Msanii: NULL. Albamu: NULL. Mwaka: ule wowote ambao mwaka % 2 == 0. Orodha gani ya albamu 500 itaukuta wimbo huo?

JE, ALBAMU HAINA MAANA?

Ngojeni. Sisemi hivyo. Msije mkaniandikia kwamba nimekashifu albamu zote.

Zipo kazi ambazo ni albamu kweli, yaani ukizikata unaziharibu. What's Going On ni moja: wimbo unamwagikia kwenye wimbo unaofuata, ukiusikiliza mmoja peke yake unahisi umeingia nyumbani kwa mtu katikati ya mazungumzo. Na hapa kwetu ninayo ya kuitetea mbele ya mtu yeyote. Ni Malako ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, iliyotengenezwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha mwaka 1990 Earthworks wakaitoa Uingereza kwa jina Virunga Volcano. Nyimbo chache, ndefu, kila chombo kinapewa muda wa kusema na kunyamaza. Walipewa nafasi ya santuri kubwa wakaitumia yote. Nimesikiliza mara nyingi nikitafuta sehemu ya kuruka, sijaipata.

Kwa hiyo kipimo changu kimekuwa rahisi. Mtu akisifu albamu, mwambie aitetee bila kutaja wimbo mmoja mmoja. Aseme kwa nini nyimbo hizi zinahitajiana. Akiweza, hiyo ni albamu na sifa zake ni halali. Akishindwa, akaishia kutaja nyimbo tatu kali, basi anasifu nyimbo tatu kali, na hakuna ubaya. Zisifiwe hizo tatu kwa majina yake.

Kwa kipimo hicho Malako inapita. Nimefika haipiti, lakini Boomba Train inabaki kuwa dhahabu, wala sihitaji kuivimbisha nyingine yoyote ili kumheshimu marehemu.

SANTURI ISIYO NA JINA

Sasa niwaeleze kilichoninyima usingizi.

Katikati ya sanduku la khocha kuna santuri moja ambayo karatasi yake ya katikati imeliwa na mende. Limebaki duara la rangi nyekundu, na herufi mbili tatu zisizounda neno. Tukaiweka. Gitaa moja linaanza, la pili linajibu, kisha mzee anaimba Kibukusu kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Khocha akaacha kupangusa. Akatikisa mabega, ile kamabeka ya kukaa, akiwa kitini.

"Huyu ni nani, khocha?"

Akafikiri. Akasema anadhani mtu huyo alitoka upande wa Kimilili, na kwamba aliwahi kumwona akipiga kwenye matanga. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Halikutoka. Akakasirika, sio kwangu. Alijikasirikia mwenyewe.

Nikatoa simu, nikawasha Shazam, nikaishikilia karibu na spika. Programu hii ni ujanja mtupu: inageuza sauti kuwa alama chache, kama alama za vidole, kisha inalinganisha na alama zilizomo kwenye hifadhidata. Ilianza Uingereza mwaka 2002, enzi hizo unapiga simu namba 2580 na kuielekeza kwenye spika. Inatambua wimbo ndani ya baa yenye kelele. Lakini haiwezi kutambua ambacho hakuna mtu aliyekiingiza. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema haijapata kitu.

Nilipofika Kitale nikamchezea shemeji. Yeye anaapa mwimbaji ni wa Kakamega, eti amesikia lafudhi. Khocha akiambiwa hivyo kwa simu alicheka kwa dharau.

Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wimbo huu ni chema, na ulijiuza. Khocha aliununua kwa jasho lake. Lakini leo hauwezi kujiuza tena, kwa sababu hakuna mahali jina lake limeandikwa isipokuwa ndani ya kichwa cha mzee mmoja wa Chwele, na kichwa hicho kimeanza kusahau. Wakati huo sisi dukani tulikuwa tunapoteza Jumamosi nzima kuamua kama Beatles wastahili namba 1 au namba 24. Beatles watakuwa sawa, jamani. Hata wakipewa namba 500, hakuna atakayewasahau.

TUFANYE NINI

Mimi ni mtu wa kompyuta, kwa hiyo siwezi kulalamika bila kutoa hatua. Ni hizi:

1. Ukirekodi santuri au kanda ya mzee, tumia programu ya bure ya Audacity. Hifadhi kwa WAV au FLAC kwanza. MP3 ifuate baadaye kwa kusambazia. Santuri nyingi za zamani ni za sauti ya njia moja, kwa hiyo WAV ya kiwango cha CD, sampuli 44,100 kwa sekunde, ni takribani MB 5 kwa dakika. Flashi ya GB 32 itabeba masanduku ya kijiji kizima.

2. Piga picha karatasi ya katikati, pande zote mbili. Kama imeliwa, inamisha santuri kwenye mwanga utazame ule ukingo laini wa ndani, pale mfereji unapoishia. Utaona namba imechorwa au kugongwa. Namba hiyo ni ya kiwandani na inaweza kumtambulisha msanii hata karatasi ikipotea. Ya santuri ya khocha nimeinakili, naendelea kuitafuta.

3. Mrekodi mzee mwenyewe akieleza. Nani anapiga, alitoka wapi, aliinunua wapi, ilipigwa kwenye harusi ya nani. Fanya mwaka huu.

4. Ingiza habari hizo mtandaoni. MusicBrainz ni hifadhidata ya wazi na mtu yeyote anaweza kujisajili na kuongeza. Inatenganisha utungo, rekodi na toleo, kwa hiyo santuri ya nyimbo mbili ina heshima sawa na albamu ya nyimbo ishirini. Discogs nayo inapokea santuri ndogo. Usiweke muziki wa watu bila ruhusa yao. Weka majina, miaka, namba na picha za karatasi. Jina likiwepo, hata familia ya msanii ina mahali pa kuanzia siku ikidai haki yake.

Shemeji nimeshampa kazi. Kila faili ya Kiluhya inayopita dukani kwake ataisahihisha jina la msanii kabla ya kuinakili. Amekubali, kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayeandika programu ya kumrahisishia. Nimeianza. Sehemu ya albamu nimeifanya ya hiari. Sehemu ya mtunzi na ya mahali nimezifanya za lazima.

Haya, nimemaliza. Nitukaneni kuhusu E-Sir na Sauti Sol, nimejiandaa. Lakini kama nyumbani kwenu, iwe Kimilili, Kiminini, Webuye au hata Kakamega (shemeji afurahi), kuna mzee anayemkumbuka mwimbaji wa Kibukusu mwenye gitaa mbili na sauti ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, aliyekuwa akipiga kwenye matanga, tafadhali mwulize jina lake leo. Msingoje Agosti.